Kompyuta ya Mwalimu Alfonsi

Nickolaus: Haloo? Namba ngeni hii... Nani mwenzangu?

Dativa: Haloo. Unanipata?

Nickolaus: Kwa mbali. Nani?

Dativa: Dativa. Wa Kiberege.

Nickolaus: Shemeji?

Dativa: Ndiyo, mimi.

Nickolaus: Shikamoo, shemeji.

Dativa: Marahaba. Hamjambo huko Morogoro?

Nickolaus: Hatujambo. Shemeji, kaka vipi? Niambie tu. Nimekaa.

Dativa: Yupo. Sijapiga kwa msiba, usishtuke.

Nickolaus: (anashusha pumzi) Haya. Maana miaka mitatu hatujasikilizana, halafu mchana tu—

Dativa: Najua ni miaka mitatu. Sikia, dakika zangu ni za kuhesabu. Nataka kukuuliza kitu kimoja cha kazi yako. Unijibu, basi.

Nickolaus: Kata, nikupigie mimi.

Dativa: Usipige! Nakuomba. Kaka yako amekaa hapo ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la fundi. Simu yangu ikiita ananyoosha mkono, lazima aone nani.

Nickolaus: Hajui kama unaongea na mimi?

Dativa: Nimemwambia nakwenda kununua maji.

Nickolaus: Haya. Uliza.

Dativa: Kupiga window ni kufanya nini?

Nickolaus: Kompyuta?

Dativa: Kompyuta. Ile ya kaka yako, ya mezani. Imezima, wiki ya tatu leo. Tumekuja Ifakara kwenye kliniki yake ya mazoezi, nikasema tulibebe na lile boksi lake. Kuna fundi hapa karibu na stendi, anaitwa Masanja. Ameitazama akasema, mama, hii haina shida, napiga window, saa saba unaichukua.

Nickolaus: Saa ngapi sasa hivi?

Dativa: Sita na nusu. Kwa nini?

Nickolaus: Ameshaanza?

Dativa: Sijui. Alikuwa anamalizia simu ya mtu. Nijibu kwanza—

Nickolaus: Kupiga window ni kufuta kila kilichomo, shemeji. Anafuta yote, anapandisha mfumo mpya. Mashine inawaka vizuri, lakini inakuwa tupu kama imetoka dukani.

Dativa: Tupu?

Nickolaus: Tupu. Humo kuna nini?

Dativa: Maneno.

Nickolaus: Maneno gani? Shemeji? Unakatika.

Dativa: Maneno yake! Kamusi yake ya Kindamba! Maneno elfu nne, Nickolaus, miaka kumi na moja—

Nickolaus: Mzuie.

Dativa: Nini?

Nickolaus: Vuka barabara sasa hivi, mwambie aache! Usikate simu, ishike hivyo hivyo. Nenda!

(Mikwaruzo. Honi ya pikipiki. Sauti ya Dativa inasikika kwa mbali: "Fundi! Fundi, subiri!")

Nickolaus: Haloo? ... Shemeji? ... Haloo?

Dativa: (anahema) Nimemkuta.

Nickolaus: Ameshafuta?

Dativa: Bado. Alikuwa ameshachomeka waya zake, kioo kimekuwa cha buluu. Nimemshika mkono. Nimemshika mkono mtoto wa watu mbele za wateja.

Nickolaus: Umefanya vizuri.

Dativa: Ananiangalia kama nimerukwa na akili. Anasema, mama, si wewe uliyesema nitengeneze?

Nickolaus: Hana kosa. Hakuuliza tu kuna nini ndani, wengi hawaulizi. Uko wapi sasa?

Dativa: Nimesogea pembeni, kwenye duka la mbegu. Alfonsi ameniona ninavyokimbia. Ananitazama.

Nickolaus: Sasa nieleze taratibu. Hayo maneno... bado anayaandika? Nilidhani ile kazi aliiacha mama alipofariki.

Dativa: Aliiacha miezi sita, akarudi. Akawa anaandika kama anayekimbizwa. Kikaja hicho kiharusi. Ulisikia?

Nickolaus: Nilisikia kwa watu. Nilituma ujumbe kwenye simu yake.

Dativa: Niliuona.

Nickolaus: Sawa.

Dativa: Nisingeweza kukujibu, Nickolaus. Ningekujibu nini? Mkono wa kulia haufanyi kazi. Mguu unajikokota. Kuongea, hakuna. Hata jina langu halitoki. Anafungua mdomo, anatoa pumzi, basi. Kuandika hawezi, herufi zinamkimbia. Lakini akiliona neno limeandikwa, analijua.

Nickolaus: Analisoma?

Dativa: Analijua tu, sijui niseme vipi. Sasa mwezi wa pili tangu augue, siku moja nimemkalisha mbele ya kompyuta yake, nasema labda atachangamka. Akashika kile kipanya kwa mkono wa kushoto. Akateremka kwenye orodha yake, akateremka, akasimama kwenye neno moja. Akanigonga bega. Nasoma pale kwenye Kiswahili: uji wa mchele mpya.

Nickolaus: (anacheka kidogo) Uji.

Dativa: Nikampikia. Alilia, na mimi nikalia. Tangu siku ile, mimi na yeye tunaongea hivyo. Anatafuta neno, ananionesha. Baridi. Mgongo. Fungua dirisha. Siku nyingine anataka kunitania, ananionesha samaki fulani mwenye mdomo mkubwa, mimi huyo! Mimi Mpogoro, Kindamba nakisikia nusu nusu, lakini tafsiri ipo pembeni, aliiandika mwenyewe. Kwa hiyo usiniulize kuna nini ndani. Humo ndimo ulimo mdomo wake. Haloo? Umekatika?

Nickolaus: Nipo.

Dativa: Wiki ya tatu hii sijui mume wangu anataka nini. Asubuhi anajikokota mpaka pale mezani, anakaa mbele ya kioo cheusi. Namwambia, baba, imeharibika. Anakaa. Mpaka saa nne, saa tano. Siku hizi namkuta ameuma midomo.

Nickolaus: Shemeji, kopi hakuna? Kwenye flashi?

Dativa: Flashi ipi?

Nickolaus: Niliwahi kumtumia. Mwaka juzi, nilimpa dereva wa basi kwenye bahasha. Nikaandika na kikaratasi: kaka, kazi yako iweke sehemu mbili.

Dativa: Ilifika.

Nickolaus: Na?

Dativa: Ilirudi stendi siku hiyo hiyo. Hakuifungua hata bahasha.

Nickolaus: Mimi sikuipata ikirudi.

Dativa: Basi iko njiani huko. Sijui iko kwa nani.

Nickolaus: Haina neno. Kuna sehemu nyingine? Shuleni? Hakumpa mtu, padri, mwalimu mwenzake?

Dativa: Alikuwa anasema haijakamilika. Unamjua. Atampa mtu kazi haijakamilika?

Nickolaus: Hapana. Huyo hampi.

Dativa: Sasa nifanyeje? Masanja anasema kama sitaki window, kuna fundi mwingine upande wa sokoni, anaitwa Theodori. Huyo anafungua diski yenyewe anatazama ndani. Nimpelekee huyo?

Nickolaus: Usimpelekee!

Dativa: Mbona unanipigia kelele?

Nickolaus: Samahani, shemeji. Diski ni kile kidude cha bati ndani ya boksi, kazi zote zinakaa humo. Hakifunguliwi mezani. Vumbi la Ifakara hilo, punje moja tu ikiingia, kwisha. Akikwambia anafungua, beba mzigo wako uondoke.

Dativa: Basi nitajuaje? Kila mmoja anasema anajua. Huyu anasema saa saba tayari. Yule anafungua. Mwalimu wa kompyuta wa sekondari kaniambia ninunue mpya. Mimi nafahamu nini? Mimi nafahamu cherehani.

Nickolaus: Ngoja. Hiyo mashine ikiwashwa inatoa sauti?

Dativa: Sauti gani?

Nickolaus: Yoyote. Ilipozima nyumbani, ilikuwa inalia?

Dativa: Ilikuwa inagonga. Kama mtu anagonga kucha kwenye sufuria.

Nickolaus: Inagonga halafu inanyamaza halafu inagonga?

Dativa: Nadhani. Sikumbuki vizuri.

Nickolaus: Nataka niisikie. Mara moja tu. Rudi kwa fundi, mwambie aiwashe, simu iweke pale karibu kabisa na boksi. Nikisema zima, izimwe papo hapo.

Dativa: Alfonsi amekaa pale pale pembeni.

Nickolaus: Sitaongea. Nitasikiliza tu.

Dativa: Nickolaus...

Nickolaus: Sitafungua mdomo, shemeji.

(Hatua. Muziki wa redio ya dukani. Dativa anaongea na mtu: "Iwashe mara moja tu, baba, mara moja." Kisha ukimya, feni inaanza kuvuma. Tk. Tk. Tk. Kimya. Tk. Tk.)

Nickolaus: Zima.

(Tk. Tk. Tk.)

Nickolaus: Zima! Zima hiyo mashine! Wewe fundi, chomoa waya! Chomoa!

(Feni inakufa. Redio peke yake. Kitu kinaanguka.)

Nickolaus: Haloo? Shemeji, imezimwa?

Dativa: (kwa sauti ya chini) Niliweka spika.

Nickolaus: Nini?

Dativa: Niliweka spika ili usikie vizuri. Umesikika benchi zima.

Nickolaus: Kaka amesikia?

Dativa: Amesimama.

Nickolaus: Mungu wangu.

Dativa: Fimbo imemdondoka. Amesimama mwenyewe, ameshika ukuta. Anaiangalia simu.

Nickolaus: Nikate?

Dativa: Usikate. Ukikata sasa utaniacha na nini? (anaongea pembeni) Kaa, baba. Kaa, ninakueleza... Ni Nickolaus, ndiyo. Mimi nimempigia. Kosa ni langu, kaa. (kwenye simu) Hataki kukaa. Subiri nitoe hiyo spika.

Nickolaus: Shemeji, sikia kuhusu mashine. Diski inakufa. Inajaribu kusoma inashindwa, inajaribu tena. Kila ikiwashwa inajikwaruza, na pale palipokwaruzwa hapasomeki tena. Kwa hiyo usiwashe tena, wewe wala mtu yeyote. Hata dakika moja.

Dativa: Maneno yapo au hayapo?

Nickolaus: Yapo. Kuyatoa ndiyo kazi. Nina mashine yangu hapa, naifunga ile diski pembeni, navuta kidogo kidogo. Inaweza kuchukua siku nne, wiki. Na sitaki nikudanganye, naweza nikapata yote, naweza nikapata nusu. Naweza nisipate hata moja. Ikinishinda, kuna mtu Dar ana chumba maalumu kisichoingia vumbi, lakini hata yeye haahidi.

Dativa: Basi niitume leo. Basi la saa nane linakuja huko, nampa kondakta.

Nickolaus: Hapana. Itarushwa kwenye buti na magunia ya mchele, ikifika hapa imekwisha.

Dativa: Nikuletee mwenyewe? Na huyu nimwache na nani?

Nickolaus: Hapana, shemeji.

Dativa: Sasa?

Nickolaus: Nije mimi.

(Mtandao unakwaruza.)

Dativa: Nickolaus, alikwambia usikanyage kwake.

Nickolaus: Nakumbuka alivyosema.

Dativa: Mimi ndiye niliyekuwa nakutetea. Watu wote pale kijijini Mofu wanauliza, mdogo wa mwalimu yuko wapi, mama yake anazikwa. Nikasema maji yamefunga njia. Nikasema gari limekwama. Mpaka siku ya nne unatokea na shati safi. Njia ilikuwa wazi, Nickolaus. Watu walikuwa wanapita.

Nickolaus: Nilifika Ifakara siku moja kabla ya maziko.

Dativa: Ulifika?

Nickolaus: Nilichukua gesti nibadilishe nguo. Kulikuwa na baa kwa chini. Nilikuwa nikisikia gari zinaondoka kwenda Mofu. Sikuwa katika hali ya kuonekana na watu, shemeji. Nikasema nipumzike kidogo nipate nguvu. Nikaamka kiza kimeingia, mama ameshazikwa.

Dativa: Hukutuambia.

Nickolaus: Ningesemaje?

Dativa: Na sasa?

Nickolaus: Sijagusa, huu mwaka wa pili na miezi. Sikwambii ili unisifu. Nakwambia ili ujue mikono haitetemeki. Hii kazi inataka mkono uliotulia.

Dativa: (anavuta pumzi) Nusu ya maneno yale ni ya mama yenu. Unajua? Alikuwa anakaa naye pale kibarazani, mama anasema, yeye anaandika. Mpaka wiki ile ya mwisho.

Nickolaus: Sikujua.

Dativa: Ungejuaje.

(Mlio mfupi kwenye simu.)

Dativa: Hilo ni salio linakwisha. Dakika mbili hizo, hazifiki.

Nickolaus: Mpe simu.

Dativa: Nani?

Nickolaus: Kaka. Mpe.

Dativa: Hawezi kukujibu.

Nickolaus: Mwekee tu sikioni. Fanya haraka.

Dativa: Akiitupa?

Nickolaus: Akiitupa imetupwa.

(Kitambaa kinasuguana na simu. Pumzi nzito, ya mtu mwingine.)

Nickolaus: Kaka. Shikamoo.

(Pumzi.)

Nickolaus: Ni mimi. Siongei ya mama leo, hiyo nitaisema nikiwa nimesimama mbele yako. Ya mashine. Diski yako inakufa. Naweza kujaribu kuitoa kazi yako, lakini sikuahidi, kaka. Unanisikia? Sikuahidi kitu. Huyo kijana hapo ni mtu mwema lakini hiyo haiwezi. Na yule wa sokoni ataiua. Kama kuna mtu mwingine unamwamini zaidi yangu, mpelekee, sitakasirika. Kama hakuna, nitapanda basi la alfajiri. Kama hutaki, mrudishie shemeji simu, nitaelewa.

(Pumzi. Sauti moja, kama mtu anayetaka kukohoa. Tena. Haiwi neno.)

Nickolaus: Usijilazimishe, kaka.

(Pumzi ndefu.)

Nickolaus: Kaka?

Dativa: Shemeji, hataki kuniachia simu. Nimeinamia hapa kifuani kwake ndipo ninakusikia.

Nickolaus: Amekasirika?

Dativa: Sijui. Machozi hayo, lakini siku hizi analia hata akicheka. Sijui, Nickolaus, usiniulize mimi.

Nickolaus: Mwangalie usoni.

Dativa: Naangalia. Subiri... Ameachia simu. Anakwenda pale kwa Masanja. Anavuta boksi lake kwa mkono mmoja. Masanja, mwachie! Mwachie, usimsaidie.

Nickolaus: Anaondoka nayo?

Dativa: Amevua koti. Anahangaika na mkono... anaifunika. Anaifunika kompyuta na koti lake. Sasa amekaa nayo mapajani, anaangalia barabara.

Nickolaus: Maana yake hataki.

Dativa: Au maana yake anataka twende nyumbani tukakusubiri.

Nickolaus: Unadhani?

Dativa: Ningekuwa na ile mashine ningemuuliza.

(Mlio tena.)

Nickolaus: Shemeji, nifanyeje? Sema wewe.

Dativa: Njoo. Akikufukuza, atakufukuza ukiwa umeshaitazama.

Nickolaus: Kesho mchana. Usiwashe.

Dativa: Siiwashi. Na sikia, tumehama. Si kule unakokujua, ngazi zilimshinda. Ukishuka barabara kuu Kiberege, ingia njia ya mashine ya kukoboa mpunga. Halafu uliza.

Nickolaus: Nitauliza kwa mwalimu Alfonsi.

Dativa: Wengine hawatamjua kwa jina hilo, ni watoto. Uliza kwa mwalimu bubu. Ndivyo wanavyotuita siku hizi. Usije ukagombana nao, uliza hivyo hivyo, watakuonesh—

(Simu inakatika.)